Kesi ya Ndama Mwekundu

Taarifa ilifika kijiweni kwangu kabla kahawa ninayouza haijachemka: ng'ombe mweusi wa Yotham, aliyepandwa na dume jeusi, kazaa ndama mwekundu kama tofali.

Ng'ombe huyo analelewa zizini kwa Gerson. Ndivyo tufanyavyo huku Mlali, mali isikae zizi moja ikafa yote: mlezi anakunywa maziwa, ndama ni wa mwenye ng'ombe. Sasa Yotham, tunayemwita Bosi Pembe, anadai ndama wake mweusi kabadilishwa, na saa nne anampeleka Gerson kwa mwenyekiti wa kijiji.

"Weusi wawili wazae mwekundu?" Yotham akafoka, wote wawili wamekaa kwenye benchi langu. "Gerson, toa ndama wangu!"

"Kaka, umepekua zizi, umepekua jiko, umeinama hadi uvunguni mwa kitanda changu. Ndama anakaa uvunguni?"

"Mwizi hakosi pa kuweka!"

Hamidu fundi baiskeli, hapa jina lake Wakili maana hutetea pande zote mbili, akaninyooshea kikombe nimwongezee. "Mheshimiwa, mteja wangu kachunga miezi tisa kavaa shuka jekundu. Ng'ombe katazama, katazama, mwisho kaiga."

"Basi angezaa shuka!"

"Au kala mtama mwekundu."

"Mimi nala ugali mweupe tangu nizaliwe, Wakili. Hebu nitazame!"

Tulikuwa bado tunacheka wakati Paulina, afisa mifugo, alipozima pikipiki yake. "Shikamooni."

"Marahaba. Daktari, mwambie huyu mwizi."

Paulina akasikiliza yote, akatikisa kichwa. "Mzee Yotham, ndama hupewa mbegu mbili za rangi, moja ya mama, moja ya baba. Nyeusi ni mbabe. Ikikaa na nyekundu, nyekundu inajificha, ngozi inatoka nyeusi tii. Hiyo ngozi unayoiona ndiyo fenotaipu. Zile mbegu za ndani ndizo jenotaipu. Mama kaficha nyekundu, dume naye kaficha. Zimekutana mbili. Ndama ni wako halali."

Yotham akakuna kidevu. "Yaani miaka sita ng'ombe ananitazama usoni, kumbe ndani ana mwekundu?"

"Udanganyifu huo," Wakili akadakia. "Mshitakiwa ni ng'ombe. Saa nne apelekwe yeye."

"Na dume?"

"Dume ni mshirika wake. Wafungwe kamba moja."

Gerson hakuwa amegusa kahawa yake. Mara akacheka, meno yote nje. Yotham akampiga begani.

"Mnaona? Mdogo wangu anacheka. Yameisha! Endelea kunilelea."

"Kaka, haya meno ni ngozi tu," Gerson akasema, bado anacheka. "Ya ndani yanasema uje na kamba, umchukue ng'ombe wako na mwanawe kabla jua halijawa kali."

Akaweka kikombe chini, akaenda zake.

Yotham akatugeukia. "Jamani, nani ana nafasi zizini?"

Wakili akakumbuka tairi la mteja. Paulina akawasha pikipiki. Benchi likabaki tupu. Akanitazama mimi.

"Mzee," nikamwambia, "mimi nafuga kuku."