Kutafuna Mara Arobaini

Leo nimeaibika. Ilianza saa tisa na dakika kumi na mbili alasiri, na kufikia saa tisa na nusu sikuwa na mlango.

Nieleze kwa utaratibu. Nimekuwa nikisoma kuhusu njugu karanga. Mafuta yake yamefungiwa ndani ya vijumba vidogo visivyoonekana kwa macho, kila kimoja na ukuta wake. Jino likivunja ukuta, mafuta yanatoka. Ukimeza vipande vikubwa, mengi yanapita tumboni yakiwa bado yamefungiwa, na mwili hauyapati. Kwa hivyo watu wawili wanaweza kula njugu za pakiti moja na wasipate mafuta sawa. Nikaona nihakikishe mwenyewe. (Jumapili ni ndefu ukiishi peke yako.)

Niliweka vikombe viwili vya maji moto mezani. Njugu kumi, natafuna mara kumi, natema kwenye kikombe cha kwanza. Kumi nyingine, mara arobaini, natema kwenye cha pili. Halafu nalinganisha mafuta yanayoelea. Kila nikimaliza raundi nilieleza matokeo kwa sauti. "Unaona hapa? Ni matone tu."

Ploti yetu ya nyumba za kupanga hapa mtaa wa West Indies inanijua kama mtu anayejitosheleza. Nimewaambia majirani kwamba watoto wangu hunipigia simu kila jioni. (Si kila jioni.) Sifa hiyo nimeilinda sana.

Raundi ya mwisho, nikiwa nimetafuna mara ishirini na sita, mlango ukabishwa.

"Mzee, uko sawa?"

Ni Mama Wambui, jirani tunayetenganishwa naye na ukuta mmoja. Njugu zilikuwa zimeisha, na nikifungua mdomo kazi yote imeharibika. Nikainua mkono kumwambia asubiri. (Mlango ni wa mbao. Hakuona.) Ishirini na tisa.

"Rono, hajibu. Tangu saa tisa anaongea peke yake, sasa amenyamaza."

Rono ni keateka wetu, mtunzaji wa ploti. "Labda ako na mgeni."

"Mgeni gani? Huyu? Miezi minne sijaona mtu hata mmoja akiingia hapo."

Hiyo niliisikia vizuri kabisa. Thelathini na tatu. Nikasema "mmmh", maana yake ngojeni kidogo.

"Umesikia? Anakata roho. Vunja!"

Rono alivunja nikiwa thelathini na nane. Nilitafuna mara mbili zilizobaki nikiwaangalia, nikatema kikombeni, nikafuta mdomo.

"Karibuni," nikasema.

Mama Wambui alitazama vikombe viwili, kisha akatazama nyuma ya pazia.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Nilikuwa naeleza matokeo."

"Unaelezea nani?"

Nikavisogeza vikombe upande wao.

Rono aliinamia kikombe. "Hii ni supu?"

"Ni njugu. Hiki nimetafuna mara kumi, hiki arobaini. Angalia mafuta." Kweli kile cha arobaini kilikuwa na duara za mafuta zinazong'aa. Nilitarajia washangae. Rono alirudi nyuma hatua mbili.

Mama Wambui akaniuliza polepole, kwa ile sauti ya kuongea na mgonjwa, "Watoto hupiga saa ngapi, Mzee?"

"Jioni."

"Na jana walipiga?"

"Jana ilikuwa Jumamosi," nikasema, kama kwamba hilo ni jibu.

Hakucheka. Ningependelea acheke. Alichukua kitasa kilichoanguka sakafuni, akakiweka mezani taratibu kando ya vikombe.

"Jumapili ijayo utakula kwangu. Na utatafuna kama watu."

Nilimwambia nitaangalia kama nina nafasi. (Ninayo.)

Fundi amekuja, akaniuliza kama ni wezi. Nikasema ndiyo. Kitasa kipya mia tisa hamsini, kazi yake mia nne. Tafadhali msinicheke, nimeshalipa: shilingi elfu moja mia tatu hamsini.