Ombi la Matatu Moja Isiyoondoka Stejini Mtopanga

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Sacco,

Shikamoo. Naanza kwa kukiri jambo ambalo sijapata kumwambia mtu: mimi si abiria. Msichana mwenye kitabu anayeketi dirishani likizo hii yote, katika matatu ya Changamwe, haendi popote. Makanga wenu, Masha, hutuketisha mimi na wenzangu ili gari lionekane limekaribia kujaa. Abiria wa kweli wakiingia, sisi hushuka mmoja mmoja, tukahamia la nyuma.

Sasa nimesoma tangazo lenu kwamba kuanzia Jumatatu magari yataondoka kwa saa, yamejaa au hayakujaa. Nalalamika kama ifuatavyo:

1. Nyumbani ni chumba kimoja, wadogo zangu, na redio ya jirani. Kiti changu pekee duniani kimo garini mwenu.

2. Juzi mlipofanya majaribio, gari liliondoka nami katikati ya sura. Kwa kuona haya kusema "shukisha", nilifika Kongowea.

3. Ni katika kungoja ndipo watu hujuliana hali, huuziana mahamri, wengine huposana. Magari yakifuata saa, nani atamwoa nani?

4. Mama yangu amepewa onyo la mwisho kiwandani kwa kuchelewa, na analaumu matatu. Nampa pole, lakini yeye ni mtu mmoja. Sisi wasomaji tuko wawili.

Kwa hiyo naomba gari moja tu lisiondoke kamwe. Ikiwezekana litolewe injini, kwani hutikisa maandishi, na mahali pake pawekwe rafu.

Wasalimie madereva, makanga, na Mzee Kalama mpiga debe, ambaye kelele zake nimezizoea hata sizisikii.

Wako katika kungoja,
Israa Aidarus

Tanbihi: Ombi langu nimelifuta. Msingoje hata hiyo Jumatatu. Leo asubuhi Mama alikuja mbio, akaliacha gari la mbele lililobakisha abiria wachache lijae, akapanda letu, lililoonekana limebakisha mmoja. Hakuniona. Akamwambia aliyekaa kando yake, "Hili limeshajaa, mwanangu. Leo nitawahi, inshallah." Aliyeambiwa ni Garama, mwenzetu. Akatazama viatu vyake.

Nilisimama, nikasema kwa sauti ambayo sijaitumia hata darasani, "Jamani, sisi si abiria. Linaloondoka ni lile la mbele."

Mama aligeuka, akanitazama. Nilichukua mkoba wake, nikampeleka gari la mbele, nikampakatisha mkoba, nikasimama pale hadi likaondoka.