Pale pa Kukohoa

Jumatatu, 3 Agosti

Mchwa wamekula daftari la baba. Lote! Limebaki jalada na kipande cha uzi. Miaka arobaini nimelifungia sandukuni, chini ya mikeka yangu laini ya heshima, ufunguo shingoni, na bado wadudu wameingia kusoma ukoo wetu bila hodi.

Lakini mimi si mjinga. Ukoo wenyewe ninao kichwani, kuanzia babu wa kwanza hadi mwanangu Penitito. Leo asubuhi nimechukua simu aliyonitumia binti yangu kutoka Auckland, nikabonyeza kinasa sauti, nikataja majina yote. Pamoja na maagizo ya baba. Alisema: ukifika kwa Leutu, binti wa kwanza, usimtaje mbele za watu. Kohoa. Kohoa kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki, halafu endelea na mdogo wake, ambaye ndiye aliyetuzaa sisi. Maana wazao wa Leutu ni wale wa kilimani, na wakijua kwamba mama yao ndiye aliyetangulia kuzaliwa, sisi tumekwisha, kwa kuwa cheo hufuata mkubwa.

Nimeyasema hayo yote simuni. Sasa mchwa waje!

Jumamosi ukoo unakutana kuchagua nani atavaa cheo cha Taulagivai, umatai, yaani ukuu wa ukoo, alioacha marehemu kaka yangu. Namtaka Penitito. Yeye mwenyewe hajasema anakitaka, lakini nani kamuuliza? Watu wa kilimani wanamtaka Siaosi, mwana wa binamu yangu Tagialofa. Mwalimu. Ana miwani. Anaongea polepole kama anayeonja supu ya moto.

Jumanne, 4 Agosti

Siku ya ukaguzi. Mimi ndiye mkuu wa kamati ya wanawake, kwa hiyo filimbi iko kinywani mwangu. Nimekagua vyoo, sufuria na mashuka ya kijiji kizima. Kwa Losa nimekuta ukoko wa jana. Kwa mke wa katekista, utando wa buibui. Nikawaambia waziwazi, na wakashukuru, maana wakinuna nawaandika.

Kwa Tagialofa sikupata kitu. Choo chake kinanukia kuliko mimi. Nikamwandikia jogoo anayetazama watu vibaya.

Lakini nimemkuta anaongea kwa simu na ndugu wa Auckland, kicheko hadi mabega yanaruka. Aliponiona akakata. Akakata! Nyumba zetu hazina kuta, nguzo na paa tu, kila mtu anaona jirani anakula nini, halafu mtu anakata simu? Wanapanga jambo la Jumamosi. Lazima nijue.

Nikaisifu simu yake, kwa ujanja. Nikamuuliza programu zake anatoa wapi. Akasema kwenye duka rasmi tu, lile lililokuja na simu, kwa sababu huko kila kitu kinakaguliwa kabla ya kuwekwa rafuni. Akaongeza, huku anatabasamu, kwamba ni kama ninavyowakagua wao vyoo. Nikamwambia choo ni choo na simu ni simu. Kukagua ni kazi yangu. Kukaguliwa ni kazi ya watu wengine.

Duka rasmi! Nalijua. Programu ya nyimbo za kanisa letu, iliyotengenezwa na mtoto wa shemasi kwa mikono yake, hilo duka lilikataa mara tatu kuiweka, eti karatasi hazijatimia. Nyimbo za Mungu, karatasi! Kwaya nzima tukaenda kwa Kirisome sokoni Salelologa, akatuwekea moja kwa moja, na inaimba hadi leo. Hakufa mtu. Tagialofa peke yake alingoja wiki kumi na moja hadi duka liseme ndiyo, ameshika kitabu chake kama anayengoja meli. Mwoga.

Jumatano, 5 Agosti

Nimekwenda kwa Kirisome. Meza yake iko kati ya mafungu ya magimbi na mama anayeuza kakao. Nikasema ninaulizia kwa niaba ya rafiki. Rafiki huyu anataka kusikia jirani yake anaongea nini. Kirisome akacheka, akasema, mama mkubwa, rafiki yako ana jirani wa kilimani nini? Mshenzi. Lakini anajua kazi.

Akasema ipo programu inaitwa Sikio. Unaweka namba ya jirani, unasikia. Duka rasmi haliitaki kabisa. Nikamwambia basi hiyo ndiyo nzuri.

Simu ikagoma! Ikaleta alama nyekundu, eti kitu hiki hakijulikani kilikotoka, kinaweza kunidhuru. Nikamuuliza Kirisome simu hii ni ya nani, yangu au ya wenye duka. Akasema yako, mama mkubwa. Nikamwambia basi iambie. Akamzima huyo mlinzi wa simu kwa kidole gumba, lakini kabla ya kubonyeza akanitazama, akasema yeye ananifungulia mlango tu, hao watakaopita hawajui wote. Mtu mkweli! Wafanyabiashara wa siku hizi hawasemi hivyo. Nikamwamini zaidi.

Kisha Sikio lenyewe likaanza kuomba. Lione majina ya watu wangu? Ruhusu. Litumie kinasa sauti? Ruhusu. Lifungue picha, meseji, sauti nilizohifadhi? Ruhusu, ruhusu, ruhusu. Kwetu mgeni akiingia unamtandikia mkeka, unampa chakula, humwambii akae kwenye ukingo. Mimi sikulelewa kilimani.

Saa nane mchana nilikuwa njiani kurudi, nimeshiba kakao, nimeshinda.

Alhamisi, 6 Agosti

Linafanya kazi! Nimekaa chini ya nguzo ya nyuma, nikaweka namba ya Tagialofa, nikatega sikio. Kwanza kuku. Halafu ufagio. Halafu sauti ya mwanamke. Jamani, mdomo! Anagombana na kila kiumbe. Mara ufagio umechakaa, mara mbwa amelala vibaya, mara majirani hawana adabu. Mbele za watu Tagialofa ni asali, kumbe nyumbani ni msumeno. Na sauti yenyewe mbaya, inakwaruza kama nazi kwenye mbuzi. Nilijua!

Nikamwamsha Penitito nikimwambia amka, mvivu wewe, jua limekufika kitovuni. Dakika haijapita, nikamsikia yule naye simuni anapiga kelele: amka, mvivu wewe, jua limekufika kitovuni! Hata matusi ananiibia. Hana kitu chake mwenyewe.

Kuhusu Jumamosi hajasema neno. Mjanja. Lakini sasa namjua ndani na nje.

Ijumaa, 7 Agosti

Kijiji kimeingiwa na kikohozi. Nilipita dukani, mwenye duka akakohoa. Nikapita kwa Losa, akakohoa hadi akashika nguzo. Kwenye nyumba ya kusukia mikeka wanawake kumi na wawili, wote wakakohoa pamoja nilipokaa, kisha wakainamia mikeka yao mabega yakitetemeka. Nikawaonea huruma. Nikawaagiza wachemshe majani ya mchungwa, wasilale na nywele mbichi. Wakakohoa zaidi.

Faapisa, mke wa mchungaji, akanishika mkono, akanitoa nje. Hakukohoa. Akasema mama Losivale, keti kwanza. Akafungua simu yake.

Sauti yangu. Majina yote, mmoja baada ya mwingine. Na halafu: ukifika kwa Leutu, binti wa kwanza, usimtaje mbele za watu. Kohoa.

Imetoka kwenye namba yangu Jumatano, saa nane mchana. Imekwenda kwa kila jina lililomo simuni mwangu. Kwaya. Kamati. Auckland nzima. Daktari wa meno wa Apia. Tagialofa.

Niliketi. Siri hiyo nilipewa nina miaka kumi na tisa. Mume wangu nilimzika hajaijua. Nimezaa, nimezika, nimegombana na watu wote wa kisiwa hiki, na sijawahi hata siku moja kulitamka jina lile mbele ya mtu. Sasa linajulikana na daktari wa meno.

Faapisa akasema pole, akasema labda ni kile kitu nilichowekewa na Kirisome. Nikamwambia aache ujinga. Kitu cha Kirisome mimi mwenyewe nimekiruhusu, tena kwa heshima zote. Aliyefanya haya ni Tagialofa, kupitia hilo duka lake rasmi. Kwa nini hatoi programu mahali pengine kama watu? Ana siri nao.

Sijashindwa. Kesho ninaposimama kutaja ukoo nitakohoa mahali patano tofauti. Watajuaje Leutu ni kikohozi kipi?

Jumamosi, 8 Agosti

Watu walijaa nyumba ya ukoo, kila mkuu ameegemea nguzo yake. Ava, kinywaji chetu cha baraza, ikanywewa, hotuba zikasemwa. Zamu yangu ikafika.

Nikaanza vizuri. Kwa babu wa kwanza nikakohoa. Nikamsikia mtu anasema, moja. Kwa mtoto wake nikakohoa. Mbili, wakasema, sasa wako wengi. Walikuwa wananihesabia! Nikakohoa ya tatu, ya nne, ya tano, kifua kikaniuma kweli. Nikafika pale penyewe. Nikaamua kupita kimya, kama anayevuka ua wa watu.

Nyumba nzima ikanikoholea.

Wote! Mjomba Uelese asiyesikia, akakohoa. Mchungaji akafunika mdomo kwa leso. Penitito, mwanangu niliyemzaa kwa siku mbili, akakohoa kuliko wote.

Tagialofa peke yake hakukohoa. Aliinuka na kikombe cha maji, akaniletea mbele ya watu. Akasema kwa sauti ndogo, dada, kunywa. Kisha mtaje tu. Ni bibi yetu sote.

Nilitaka kumrudishia kikombe. Lakini koo lilikuwa limekauka. Nikanywa.

Nikasema: Leutu. Binti wa kwanza.

Hakuna aliyecheka. Nikaendelea hadi mwisho bila kukosea jina hata moja, na nani mwingine angeweza? Hakuna.

Cheo wamempa Siaosi. Penitito ndiye wa kwanza kumkumbatia, anang'aa kama mtu aliyeambiwa shimo la choo litachimbwa na mwingine. Nitasema naye.

Jioni Tagialofa ameniletea bakuli la palusami, majani machanga ya magimbi, tui zito. Akasema Siaosi anaomba nimfundishe ukoo wote, maana bila mimi hakuna anayeujua. Nikamwambia nitafikiria. Palusami ilikuwa na chumvi nyingi. Niliimaliza ili isiharibike. Bakuli nimelirudisha limeoshwa, mimi si mshenzi.

Jumatatu, 10 Agosti

Nimekwenda kumfokea Kirisome. Mama wa kakao akasogeza vikombe vyake. Kirisome akaomba radhi, akasema Sikio ni takataka, amelitoa kwenye simu yake mwenyewe, na nimpe simu alitoe kwangu pia, tena amwashe yule mlinzi. Nimtoe mgeni niliyemkaribisha mwenyewe? Nimrudishe mlinzi aliyenitukana kwa alama nyekundu? Nikamwambia hapana. Tatizo si mlango kuwa wazi, tatizo ni kwamba ndani hapana mtu mkali. Nikataka kitu kikali.

Akasema hana. Lakini mtu wa meza ya pili anayo programu, inaitwa Ngao. Mpya kabisa. Duka rasmi halijaiona hata kwa mbali. Kirisome akashika kichwa. Wivu wa kazi, basi.

Simu ikaleta nyekundu tena. Nikaiambia inyamaze. Ngao ikaomba majina, kinasa sauti, picha, meseji, na ruhusa ya kuziendesha programu nyingine. Imekuja kunilinda, italindaje imefumba macho? Ruhusu zote.

Nyumbani nimeutaja ukoo upya simuni, kutoka babu wa kwanza, Leutu akiwemo, maana sasa hana pa kujificha. Nimeongeza agizo moja kwa wajukuu zangu: mkifika kwa Siaosi, kohoeni. Hii ni siri. Iko chini ya Ngao, na mchwa hawawezi kuifikia.

Halafu nikafungua Sikio kidogo tu, nisikie Tagialofa anasema nini juu ya ushindi wake. Alikuwepo, na sauti yake ile ile ya kukwaruza. Anawafundisha wajukuu ukoo. Na alipofika kwa Siaosi akawaagiza wakohoe!

Kwa mwanawe mwenyewe! Sijaona mama wa namna hiyo.