Paja la Kondoo na Mawe ya Bi Kyllikki

Jumatatu, 14 Septemba
Wamenivua cheo! Miaka yote sherehe ya uhuru wa Chile hapa Tampere, Ufini, nyama nachoma mimi. Leo Doña Hortensia, mwenyekiti wetu, kasema Ijumaa hii moto atashika Baldomero. Eti mwaka jana niliwalisha makaa. Makaa! Ule ulikuwa upepo wa Kifini. Baldomero, baharia mzima, kondoo kamjulia wapi? Kanigonga bega: pumzika, mzee mwenzangu, mwaka huu wewe kata vitunguu. Vitunguu! Mimi, Abelardo, mtu wa kisiwa cha Chiloé! Nitapeleka paja langu mwenyewe la kondoo. Wakilionja watanirudishia moto kwa magoti.

Jumanne, 15
Nichomee wapi? Balkoni marufuku, tangu siku ile wazimamoto walipokuja. Nelda, mke wangu, kasema tumia oveni kama binadamu. Nyama ya oveni ni ya wagonjwa. Nimezunguka nyumba nzima, kukaa siwezi. Jioni nikaenda sauna ya jengo, chumba cha kuogea mvuke, na jirani Veikko. Namwona kafunga soseji kwa foili, kaiweka juu ya mawe ya jiko la sauna. Moyo ukaruka. Mawe! Chiloé tunapika kwa mawe ya moto tangu babu wa babu! Nikamuuliza, na kondoo je? Akaigeuza soseji yake. Akasema soseji ni soseji. Hajakataa!

Jumatano, 16
Zamu yangu ya sauna. Paja, vitunguu saumu, pilipili. Foili haikutosha, upande mmoja nikauacha upumue. Wafini humwaga maji juu ya mawe; mimi nikamwaga divai. Harufu! Nililia kwa kukumbuka nyumbani. Nikapanda juu kumpigia Baldomero simu, nimtambie. Nikatamba mno. Kushuka, zamu ya Bi Kyllikki, mwenyekiti wa jengo, imeshaanza. Yuko mlangoni na taulo, nywele zanuka saumu, paja langu kalipakata kama mtoto mchanga. Kasema: Abelardo. Basi, hilo tu. Nelda anasema kwa Mfini hilo ni tusi la ukoo mzima.

Ijumaa, 18
Jana sikuandika, nilikuwa najificha. Leo sherehe. Paja nje jeusi, ndani bichi. Hortensia kauliza kama nimemleta kondoo akiwa hai. Watu wakacheka hadi gitaa likanyamaza. Baldomero, mnafiki, kasema lete hapa kaka, tuliokoe. Akalikatakata, akalimalizia motoni kwake. Likaliwa lote! Wakamshangilia yeye. Kwa paja langu! Mimi nikakata vitunguu. Machozi yalikuwa ya vitunguu.

Jumamosi, 19
Kyllikki kaamuru: toa mawe yote ya sauna, weka mapya. Eti tangu Jumatano jengo zima linatoka jasho la kondoo. Veikko kanisaidia kubeba. Mwisho kasema harufu haikuwa mbaya. Umesikia? Kwa Mfini huko ni kupiga vigelegele! Nelda kanishika shati: we mzee, niahidi hutapika tena saunani. Nimeahidi. Siitaki hata sauna yenyewe. Lakini mawe yaliyokwisha kunywa mafuta na divai, nani atayatupa? Na kwetu hatupiki ndani. Tunachimba shimo, mawe ya moto, nyama, majani, udongo juu. Pale uani watoto wana uwanja wao wa mchanga, laini, kama nimeandaliwa mimi. Kesho asubuhi Kyllikki yuko kanisani. Baldomero nimeshamwalika. Koleo liko chini ya kitanda.