Kutajwa Mara Mia Tatu

Napenda kuutangazia umma wa Shinyanga, Geita na vitongoji vyake vyote kwamba Taasisi yetu ya Dawa za Miti imeingia rasmi katika zama za kutajwa. Mimi, Stanslaus, ndiye Katibu wa Kamati ya Kutajwa na mtunza mhuri wake.

Chanzo ni waraka kutoka makao makuu, uliosema kwamba mtafiti hupimwa kwa idadi ya mara alizotajwa. Watu wenye kiherehere wangeuliza anatajwa wapi, na nani. Sisi hatukuajiriwa kuuliza. Mkurugenzi wetu, Bwana Donatus, akaamuru kwamba asiyefikisha mara mia tatu ifikapo Juni ahamishiwe ghala letu la Isaka, akahesabu malori ya magome.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Dokta Anisia, mkemia wa dawa. Alikuja na karatasi, kama kawaida ya watu wasiojua kujieleza.

"Makala kumi na moja," akasema. "Zimetajwa mara mia nne na kumi na mbili."

"Na nani?"

"Watafiti wenzangu wa Korea, Brazili, Misri. Wanapoandika, wanaonyesha wametumia kazi yangu."

"Wakati wanakutaja, mtendaji wa kata alikuwepo?"

"Mtendaji wa kata? Korea?"

"Dokta, usijibu swali kwa swali. Mhuri uko wapi?"

Hakuwa nao. Tukaandika sifuri.

Akaomba jambo moja tu: kabla ya Isaka, Mkurugenzi asaini makala yake ya kumi na mbili ili ichapishwe. Ilihusu Nguvu ya Mwamba, dawa ya chupa wanayoishindilia wachimbaji wa Geita. Alikuwa ameipima maabara, akakuta magome kidogo na vidonge vikali vya hospitali viitwavyo steroidi, vilivyosagwa. Mchimbaji mmoja aitwaye Mabula alikuwa amevimba uso, wenzake wakampongeza kwa kunenepa, mpaka alipoanza kutapika damu.

"Kila wiki tunayochelewa atatapika mwingine," akasema Dokta.

Nikamshauri afuate utaratibu.

Hata hivyo, Kamati haimwonei mtu. Tulifunga safari hadi machimboni, nje kidogo ya mji wa Geita, kuhakiki kama wananchi wanamtaja. Tukamkuta Mama Mabula akimnywesha mwanawe uji kando ya karasha, ile mashine ya kusagia mawe.

"Shikamoo mama. Sisi ni Kamati ya Kutajwa."

Bakuli likamponyoka.

"Yaya, baba, yaya!" akakana kwa Kisukuma. "Mimi simtaji mtu!"

"Hata Dokta Anisia humtaji?"

"Kanikosea nini hata nimtaje? Yule katwambia tumwage ile michupa. Mtu akitajwa kwa mganga kuwa mchawi, baba, si anakatwa mapanga? Mimi nilitajwa mara moja tu, kule Bukombe, kisa macho mekundu ya moshi wa kuni. Nikakimbia na kitenge nilichovaa."

Nikaandika: mama asiye na elimu, moja; Dokta, sifuri. Takwimu hazina upendeleo. Mama yule alikuwa bado anatetemeka tulipopanda gari, na nakiri jambo hilo halikuwa na nafasi katika fomu.

Tulimkuta Mkurugenzi ametoka kupigiwa simu. Makao makuu walikuwa wamemweleza kwamba zile mara za Korea ndizo hasa zinazohesabiwa, kisha wakamuuliza yeye anazo ngapi. Akamwita Dokta.

"Ile makala yako mpya. Weka jina langu mbele."

"Mkurugenzi, umeisoma?"

"Mimi ni kiongozi, si msomaji."

"Inahusu Nguvu ya..."

"Inahusu sayansi! Jina langu mbele, lako nyuma, au uondoke na basi la mchana la Isaka."

Dokta alimtazama, akanitazama na mimi, kisha akaliandika jina la Donatus mbele kwa mwandiko mzuri sana. Mkurugenzi akasaini. Nikagonga mhuri.

Hapa naomba kuongeza jambo dogo ambalo Kamati haikuona sababu ya kulijadili: Nguvu ya Mwamba ilikuwa ikipikwa uani kwa Mkurugenzi. Chupa hazikuwa na jina la mtengenezaji. Kama Dokta alijua, hakusema.

Makala ikatoka. Ndani ya mwezi ilikuwa imetajwa redioni, ikatajwa na wakaguzi wa dawa, ikatajwa na polisi. Chupa ziliondolewa madukani na Mabula akaacha kutapika. Mkurugenzi alikuwa akinisomea hesabu kwa furaha siku askari walipoingia uani kwake na kukuta mapipa.

Mahakamani, mwendesha mashtaka, Bi Rosemary, aliinua makala juu.

"Mshtakiwa, jina la kwanza hapa ni la nani?"

"Langu," akajibu, akikaza tai.

"Hapa unasema dawa hii inaua polepole. Uliandika mwenyewe?"

Mkurugenzi akaanza kupiga hesabu. Akisema ndiyo, alikuwa akiuza sumu huku anajua. Akisema hapana, ameiba kazi ya mtu. Akamtafuta Dokta Anisia kwa macho. Alikuwa amekaa benchi la nyuma, amemshika mkono Mama Mabula.

"Mimi nilisaini tu, mheshimiwa," akasema hatimaye. "Aliyehakiki yote, hadi uani, ni Katibu. Mhuri ni wake."

Hakimu akaangalia mhuri, akaniangalia mimi, akaandika kwa muda mrefu. Kisha akatangaza kwamba shauri litatajwa tena tarehe kumi na nne, washtakiwa wakiwa wawili.