Kamba ya Mwalimu Adelfina

Jumatatu, 7 Oktoba

Mkutano wa kijiji. Nimehutubia vizuri mno. Lazima niliandike hili mwenyewe, maana hakuna mwingine atakayeliandika.

Nimesema mkaratusi ni ng'ombe asiyechungwa: anakunywa usiku na mchana, na maziwa hatoi. Watu wamecheka. Nikapandisha sauti. Nikasema chemchemi yetu ya Kabuhoro inakufa tunaitazama, na sheria inasema mita sitini kuzunguka chanzo cha maji hakuna kulima wala mkaratusi, hata uwe wa nani! Makofi. Nikarudia, kwa sababu ya makofi: hata uwe wa nani!

Hapo Evaristi akanyoosha mkono. Huyu ndiye tuliyegombea naye udiwani, nikamshinda kwa kura tisa, na zote tisa anazikumbuka. Akauliza kwa upole wa mtu anayeomba njia msibani: ile mikaratusi arobaini na mmoja upande wa juu wa chemchemi, Mheshimiwa anaweza kutukumbusha ni ya nani?

Ni yangu.

Mkutano umeamua kamati ya maji ipime siku ya Ijumaa. Mwenyekiti wa kamati ni Mwalimu Adelfina, mstaafu, aliyenifundisha darasa la nne. Watu wote wananiita Mheshimiwa. Yeye ananiita Privatus, kwa sauti ileile ya daftari lako liko wapi.

Nimefika nyumbani sina hamu ya kula. Ile miti niliipanda mwaka niliomwoa Marsiana. Nilimwahidi kwamba ikikua nitamjengea jiko refu, la mtu kusimama wima. Miaka ishirini na miwili sasa. Kila mwaka nasema iache inenepe kidogo. Na yeye kila siku anaingia jikoni kwa kuinama kama anaingia kwa mfalme.


Jumanne, 8 Oktoba

Nimekwenda kupima mwenyewe, kwa hatua, alfajiri, nisionekane. Kosa! Alfajiri ndiyo saa ya watu wote. Foleni ya ndoo imefika barabarani, na Marsiana yumo. Mke wa diwani, wa kumi na nne kwenye foleni.

Marsiana hana saa. Ndoo anaipima kwa sala. Zamani ilijaa kwa Baba Yetu mmoja, tena ukikawia kwenye Amina inamwagika. Leo amemaliza kumi zima la rozari na ndoo haijafika shingoni. Maji yanatoka kwenye bomba kama uzi. Ameniambia hivyo bila kunilaumu, ndiyo maana imeniuma.

Hata hivyo nimepima. Hatua za kawaida hadi mti wangu wa kwanza: thelathini na nane. Nikarudia kwa hatua za bibi harusi: hamsini na nne. Nikarudia kisigino kwenye kidole: mia moja ishirini na sita! Nilikuwa naanza kufurahi, Bibi Nimpaye akaniita. Ni mjane, analima magimbi hapo chini karibu na maji tangu mimi ni kijana. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba mwanangu, pole, mguu umefanya nini? Nikasema umeteguka kidogo. Akanikalisha chini, akapasha majani kwenye moto, akanikanda mguu mzima, tena ule usio na kitu.


Jumatano, 9 Oktoba

Mpango.

Kijiji kizima kina kamba moja ndefu: ya katani, ya michezo ya shule, mita sitini kamili. Mwalimu Adelfina aliifunga mafundo mwenyewe, moja kila baada ya mita tano. Nimekwenda kwake. Nimemwambia kifaa nyeti kama hiki hakifai kulala nyumbani kwa mtu wakati kuna mgogoro. Kikae ofisi ya kata. Uwazi! Utawala bora!

Akanitazama juu ya miwani. Akaenda ndani, akanipa. Akasema nisiichezee kwenye maji, itasinyaa.

Hilo la kusinyaa sikuwa nalijua. Limenipa moyo.


Alhamisi, 10 Oktoba

Nimeiloweka kutwa nzima kwenye pipa. Haikusinyaa vya kutosha. Nimetumia kisu.

Mita ishirini na tano. Iliyobaki ni thelathini na tano, na mti wangu wa kwanza uko thelathini na nane. Diwani mwenye hesabu! Kipande nimekificha chini ya kitanda, nyuma ya begi la zamani la Kezia, binti yetu anayesomea uuguzi Biharamulo. Mwisho wa kamba nimeupaka udongo uonekane wa kale.


Ijumaa, 11 Oktoba

Ushindi, nadhani.

Mwalimu alipigilia kigingi penye jicho la maji, vijana wakavuta kamba, wakazunguka wakiweka alama za chokaa. Chokaa ikapita chini ya miti yangu, kando kabisa, kama mgeni asiyetaka kusumbua. Evaristi akasema hii mita sitini mbona fupi. Nikamwambia huo ni ukweli, ndugu yangu, ukiwa hauupendi unaonekana mfupi. Watu wakacheka. Miti yake yeye iko mbali, amewahi kuipima: sitini na nane. Mtu gani anapanda mita sitini na nane bila kuamriwa?

Mwalimu alikunja kamba polepole, akiipitisha kiganjani. Akasema haya, kamba imesema.

Ndipo tukatazama kuna nini ndani ya chokaa. Majani ya porini. Jiwe kubwa. Na shamba la magimbi la Bibi Nimpaye.

Hakuna kingine. Yeye peke yake.

Sikuwa nimemfikiria. Naapa, katika hesabu zote zile, yeye hakuwemo.


Jumamosi, 12 Oktoba

Msaragambo. Hii kazi ya pamoja mimi ndiye niliyeirudisha kijijini, na mimi ndiye niliyependekeza sheria ndogo: asiyefika, au anayeharibu kazi ya wenzake, anatozwa madumu ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, na anafanya kazi atakayopangiwa na waliokosewa. Tumechimba mashimo ya kupanda mivumu. Mvumu unakata tawi, unachomeka ardhini, unaota wenyewe na maji unayatunza.

Tulipofika, Bibi Nimpaye alikuwa ameshang'oa magimbi nusu ya shamba. Peke yake. Vijana wakataka kumpokea jembe, akakataa, akasema mnayakata vichwa. Nikamwambia pole bibi. Akasema pole ya nini, Mheshimiwa? Maji yakifa, magimbi yangu nitayachemshia nini?

Akanipa kikapu. Makubwa, mazuri. Ya mama watoto, akasema, na kwa ajili ya ule mguu.

Marsiana ameyapika. Nimekula moja. Mengine nimemwachia yeye.


Jumapili, 13 Oktoba

Nimerudi kutoka misa ya pili na kukuta Marsiana amefua. Vitenge vyote, shuka, suruali yangu ya vikao. Vimeanikwa kutoka kwenye mpapai hadi nguzo ya jiko, kando ya barabara, kwenye kamba mpya.

Kamba ya katani. Yenye mafundo.

Nimemuuliza Mama Kezia ameipata wapi. Chini ya kitanda, akasema, ahsante Baba Kezia, nimekuomba kamba ya nguo tangu Pasaka, sikujua umeninunulia ukanyamaza. Alifurahi hata akaniwekea chai maziwa mengi. Nikainywa.

Nilikuwa nimeanza kuanua (nimesema naona wingu; mbingu ilikuwa nyeupe kama sahani) Mwalimu Adelfina alipopita. Shikamoo Mwalimu. Marahaba Privatus. Akasogea kwenye kamba. Akashika fundo la kwanza kwa vidole viwili.

"Nane," akasema.

Akasogeza kitenge kidogo. Tisa. Akasogeza suruali yangu. Kumi. Kumi na moja. Fundo la mwisho akalikaza kidogo, kama anamfunga mtoto kiatu. Kumi na mbili.

Akamwambia Marsiana nguo zimetakata. Akaniambia mimi kwamba darasa la nne, ilipopotea chaki, alimjua mwizi siku ileile, akangoja siku tatu, na siku ya tatu chaki ikarudi mezani yenyewe. Akasema kesho ni mkutano. Akaenda zake.

Ile chaki nilirudisha nusu. Nusu nyingine nilikuwa nimeshaila.


Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu, lakini mkutano ulifanyika. Ofisini hakuna kazi, kwa hiyo wamekuja wote. Bahati yangu.

Nilikuwa na mpango mzuri. Sikuja kukiri, nilikuja kutoa. Nimesimama nikasema kwamba, ingawa kamba imeiacha miti yangu nje, mimi kama kiongozi naitoa kwa hiari, yote arobaini na mmoja, kwa ajili ya vizazi vijavyo! Makofi hadi wasio na viti wakasimama, maana walikuwa wamechuchumaa. Evaristi alipiga makofi mawili, akatazama mikono yake kama imemsaliti. Mwalimu hakupiga. Alikuwa anafuta miwani.

Ningekaa. Mtu mwenye akili angekaa. Lakini Bibi Nimpaye akaja mbele kwa fimbo yake, akanishika mikono yote miwili, akaanza kuniombea mbele ya watu. Akasema yeye ametoa kipande kwa sababu kamba ilimtaka, lakini huyu mtoto ametoa bila kutakiwa, Mungu amwone. Akasema ana mbegu za magimbi amezibakiza, atanigawia, nipande pale miti itakapotoka.

Mikono yake ilikuwa bado na udongo kwenye kucha.

Nikasema, "Bibi, kamba niliikata mimi."

Akaniachia mikono.

Akauliza niliikata kiasi gani. Nikasema mita ishirini na tano. Akaigeuza hesabu kichwani, akatazama chini kule shambani kwake, akapandisha macho hadi kwenye miti yangu. Nikangoja fimbo. Badala yake mabega yakaanza kutikisika. Alicheka, akatafuta pa kukaa, akacheka amekaa. Akauliza: na mguu? Nikasema mguu ulikuwa mzima, bibi. Hapo mkutano ukavunjika kabisa.

Hukumu imesomwa kwa sheria yangu mwenyewe: madumu mawili ya rubisi, nimlimie Bibi Nimpaye shamba jipya nje ya mita sitini, na miti iondoke, safari hii bila hotuba. Mwalimu Adelfina alipita karibu yangu akitoka. Akasema siku moja tu, Privatus, umejirekebisha. Darasa la nne ulichukua siku tatu.

Nimefika nyumbani. Marsiana hakunigombeza. Aliuliza tu ile kamba atairudisha na nguo au bila nguo.


Jumamosi, 19 Oktoba

Tumekata. Evaristi alikuja na msumeno wake bila kuitwa, akafanya kazi kutwa nzima, hakusema neno. Mwishoni alisema moja: kwamba nguzo zimenyooka, zingefaa jiko.

Nilikuwa nimesahau. Miaka ishirini na miwili nikiilinda miti ya jiko la Marsiana, na kumbe jiko ndilo lililosahaulika!

Bibi Nimpaye alikaa kwenye kivuli akisimamia ninavyolima. Anasema mistari yangu imepinda. Anasema nimewahi kupima kitu chochote kikanyooka?


Jumapili, 24 Novemba

Mengi mema, niyaandike.

Kamba imeunganishwa, imerudi kwa mwenyewe. Mivumu imeshatoa majani. Leo Marsiana amesema ndoo imejaa kwa Salamu Maria tatu, na ya tatu aliisema mbiombio. Evaristi anadai ni mvua. Mwacheni adai.

Jiko limeezekwa jana. Leo asubuhi nimesimama mlangoni namwangalia akipika magimbi ya Bibi Nimpaye. Moshi unapanda juu, unatoka. Yeye amesimama wima, mgongo umenyooka, mkono kiunoni. Sikujua mke wangu ni mrefu hivi. Nikamwambia. Akasema na yeye alikuwa amesahau, akageuza uso upande wa sufuria kwa muda mrefu kuliko sufuria ilivyohitaji.

Nimejifunza. Naandika hapa, kwa tarehe, ili isije ikasemwa: mimi Privatus nimejifunza. Hila si njia.

Mchana nimekwenda kutazama visiki. Vyote arobaini na kimoja vimechipua! Mkaratusi bwana. Ukiukata ndiyo kwanza umeukumbusha kazi yake. Nimevunja vichipukizi arobaini kwa mikono yangu, bila kuonewa huruma na mtu.

Kile cha mwisho nimekiacha. Ni chembamba, majani bado mekundu, na kimenyooka vizuri ajabu. Marsiana atahitaji stoo ya kuni siku moja. Na kitu chenye urefu wa shubiri kinaweza kunywa kiasi gani?

Nimekifunika tenga. Mwalimu Adelfina anapita kukagua kesho asubuhi. Akiuliza, kuna kuku anaatamia, asisumbuliwe.

Nimeshaazima kuku kwa Bibi Nimpaye. Amenipa bila kuuliza, na mayai juu.