Vita vya Kochi la Watu Watatu

Sogeeni, enyi mlioketi na enyi mlioegemea ukuta, msikie habari za mchana ule mkuu, saa nane juu ya alama, ambapo Binti wa Hewa, mtabiri wa hali ya hewa mwenye miezi miwili kazini na cheti ambacho bado hakijapata mkunjo, alitoka chumbani siku yake ya mapumziko akiwa amekumbatia kompyuta kama ngao, akamkabili baba yake uani.

Baba huyo ndiye Fundi Mkuu wa Makochi, bwana wa sponji na gundi. Mbele yake, juani, liliketi kochi la watu watatu lenye kitambaa cheupe, la mteja atakayelichukua jioni, gundi yake ingali mbichi.

"Baba, tuliingize ndani," alisema Binti wa Hewa. "Setilaiti imepima. Huku chini kuna joto na unyevu mwingi, kule juu baridi kali. Hewa ya namna hiyo haitulii. Ikianza kupanda, ni dhoruba."

Fundi Mkuu aliinua uso kuelekea mbingu zisizo na wingu hata la kufutia jasho. "Mawingu yako wapi, mama?"

"Yakishatanda, setilaiti haioni tena vizuri yaliyo chini yake. Ndiyo maana nasema sasa."

"Wiki iliyopita ulisema hivyohivyo. Nikabeba makochi manne, mgongo ukalia, hata tone. Leo una hakika?"

Hapo shujaa wetu alijaribiwa kuliko mashujaa wote. Uongo mdogo tu ungemtosha, lakini ulimi wake haukuzoea. "Saba kwa kumi, baba."

"Basi niingize sehemu saba za kochi, tatu zibaki zikauke."

Binti wa Hewa aliiweka ngao yake ndani, akarudi, akalishika lile jitu pembe moja, akavuta. Jitu likasogea kidole kimoja. Akavuta tena, kidole cha pili. Kwa mwendo huo wangefika mlangoni wiki ijayo.

"Utanichania kitambaa," alinung'unika Fundi Mkuu, akashika upande wa pili.

Mlango nao ulipigana kiume. Walililaza kochi, wakalisimamisha, wakalizungusha. Fundi akafungua miguu ya kochi yote minne, mmoja baada ya mwingine, huku nyuma yao, bila kuaga wala kubisha hodi, anga likigeuka jeusi. Karibu saa nzima ilipita kabla jitu halijasalimu amri na kupenya likiguna. Ndipo upepo ulipobamiza geti, na mvua ya mawe ikaushukia ua mtupu.

Fundi Mkuu alikaa sakafuni kando ya kochi, akiyatazama mawe yakirukaruka pale lilipokuwa. Kisha akasogea kidogo, akapigapiga sakafu kando yake.

"Kaa hapa. Nionyeshe hiyo baridi ya juu inaonekanaje."

Na iandikwe kwa wino usiofutika kwamba siku hiyo, saa tisa na robo, Fundi Mkuu wa Makochi, ambaye maishani mwake hakuwahi kumuuliza kiumbe yeyote habari za mbingu, alivaa miwani kuitazama kompyuta.